Zana za Modi za Skyrim: Anza na Ile Inayokuonyesha Kilichomo

Anayeanza kujifunza kutengeneza modi za Skyrim, yaani mabadiliko ambayo wachezaji wenyewe huyaongeza kwenye gemu hiyo, kwa kawaida hukabidhiwa orodha ndefu ya programu: Mod Organizer 2, Vortex, LOOT, SSEEdit, Creation Kit, NifSkope, SKSE, Blender, GIMP. Orodha hiyo haina kosa, ila haimwambii ni programu ipi inayogusa sehemu ipi ya gemu. Matokeo yake ni kwamba wengi hufungua Creation Kit, kihariri rasmi cha gemu, siku ya kwanza, wakakutana na madirisha yenye maelfu ya vitu visivyo na maelezo, wakaifunga na wasiirudie tena. Mimi hufundisha kwa mpangilio mwingine, nikianza na SSEEdit, programu inayoonyesha kilichomo ndani ya faili za data za gemu, na ninaeleza sababu zake hapa kwa kuwa naamini kwa dhati kwamba kazi hii iko ndani ya uwezo wa mtu yeyote mwenye subira, hata asiyejua kuandika programu.

Gemu ya kompyuta ina sehemu mbili kubwa. Kuna injini, ambayo huchora picha, hukokotoa mwendo na kupokea amri za kibodi. Na kuna data, yaani ramani, silaha, mazungumzo na sauti ambazo injini huzisoma. Mwaka 1993, id Software walipotoa Doom, waliziweka ramani, picha na sauti katika faili ya aina ya WAD iliyotengwa na programu yenyewe, na hivyo wachezaji wakaweza kutengeneza ramani zao bila kuigusa injini. Skyrim, iliyotolewa na Bethesda mwaka 2011, imejengwa kwa utengano huohuo, isipokuwa data yake nayo imegawanyika mara mbili: upande mmoja kuna maumbo, picha na sauti, na upande wa pili kuna rekodi zinazosema kila kitu ni nini na kina sifa gani. (Nitakayoyaeleza yanahusu toleo la Special Edition la mwaka 2016, ambalo ndilo ninalomshauri anayeanza.)

Upande wa maumbo na picha ni rahisi kuuelewa. Umbo la upanga huhifadhiwa katika faili ya aina ya NIF, na picha inayovishwa juu ya umbo hilo huwa katika faili ya aina ya DDS. NifSkope hufungua na kurekebisha ya kwanza, GIMP huhariri ya pili, na Blender hutumika pale unapotaka kuunda umbo jipya kabisa. Gemu yenyewe hufungasha faili hizi ndani ya mafurushi ya BSA, lakini faili iliyo huru ndani ya folda ya Data, yenye jina na njia ileile, huchukua nafasi ya iliyofungashwa.

Upande wa rekodi ndiko wanaoanza hupotea, na ndiko ningependa tukae zaidi. Rekodi huhifadhiwa katika plagini, yaani faili zinazoishia na esm, esp au esl. Kila rekodi ina namba ya utambulisho yenye tarakimu nane za mfumo wa kumi na sita, ambao hutumia 0 hadi 9 kisha herufi A hadi F. Upanga wa chuma, kwa mfano, ni 00012EB7, na rekodi yake inasema kwamba nguvu yake ni 7, uzito wake ni 9 na thamani yake ni 25. Tarakimu mbili za mwanzo huonyesha nafasi ya plagini iliyouleta upanga huo katika foleni ya upakiaji. 00 ni Skyrim.esm, faili mama ya gemu. Tarakimu hizo mbili ndizo zinazoweka kikomo cha plagini za kawaida kuwa 254, kuanzia 00 hadi FD, kwa sababu FE imetengwa kwa ajili ya plagini nyepesi na FF kwa vitu vinavyozaliwa wakati mchezo ukiendelea.

Plagini inapotaka kubadilisha jambo moja tu katika rekodi, haibebi jambo hilo peke yake, bali hubeba nakala ya rekodi nzima. Tuseme modi ya kwanza inaongeza nguvu ya upanga wa chuma kutoka 7 hadi 10, na modi ya pili inashusha thamani yake kutoka 25 hadi 15 bila kugusa nguvu. Modi ya pili, ikipakiwa mwisho, itaandika rekodi yote upya: thamani 15, na nguvu 7 ileile ya asili. Kazi ya modi ya kwanza juu ya upanga huo imepotea, na gemu haitatoa onyo lolote. Mchezaji atadhani kwamba modi ni mbovu, ilhali zote mbili ni nzima.

Hii ndiyo sababu ninaanza na SSEEdit. Programu hii huziweka plagini zote zinazoigusa rekodi moja kwenye safu zinazokaa bega kwa bega, gemu ya asili ikiwa kushoto na mshindi, yaani plagini iliyopakiwa mwisho, akiwa kulia, na huonyesha migongano kwa rangi. Ukiutazama upanga wetu humo, utaziona 7, 10 na 7 katika mstari mmoja, na utaelewa kwa macho jambo ambalo maelezo marefu hayafikishi vizuri. Dawa yake pia iko humo: unatengeneza kiraka, yaani plagini ndogo inayopakiwa baada ya zote, yenye nguvu 10 na thamani 15.

Kutoka hapo kazi ya LOOT inaeleweka bila kutarajiwa miujiza. LOOT hupanga foleni ya plagini kwa kufuata kanuni zinazotunzwa na jumuiya ya wachezaji. Huamua nani apakiwe mwisho, lakini haiunganishi rekodi zinazogongana. Mod Organizer 2 na Vortex ni wasimamizi wa modi, yaani programu za kuziweka, kuziwasha na kuziondoa. Tofauti yao iko katika namna ya kuziweka faili: Mod Organizer 2 huiacha folda ya Data ilivyo na kuionyesha gemu folda ya kufikirika iliyounganisha modi zote, wakati Vortex kwa kawaida huweka viungo vya faili ndani ya folda yenyewe. Napendekeza Mod Organizer 2 kwa anayetaka kutengeneza modi, kwa sababu kila jaribio hubaki katika folda yake na huondolewa bila kuacha mabaki.

SKSE ni ya jamii nyingine kabisa, maana huigusa injini inapokuwa inaendesha gemu na kuwapa waandishi wa skripti, yaani maagizo mafupi yanayoendeshwa ndani ya gemu, uwezo ambao gemu haikuwa nao. Kwa hiyo ni lazima toleo lake lilingane na toleo la gemu. Sasisho la Novemba 2021 liliibadilisha programu ya gemu, na modi nyingi zilizotegemea SKSE zikaacha kufanya kazi hadi zilipotengenezwa upya. Tahadhari inayofanana na hiyo inahusu skripti za Papyrus, lugha ya skripti ya gemu hii: zikishaanza kuendeshwa, hali yake huandikwa ndani ya mchezo uliohifadhiwa, hivyo usiondoe modi yenye skripti katikati ya safari.

Creation Kit, iliyotolewa na Bethesda mwaka 2012, utaihitaji utakapotaka kujenga mapango, kuandika mazungumzo au kupanga misheni. Kwa sasa fungua SSEEdit, upakie Skyrim.esm peke yake, utafute 00012EB7, ubonyeze kitufe cha kulia cha kipanya na kuinakili rekodi hiyo kama mbadala ndani ya plagini mpya. Badilisha thamani kutoka 25 hadi 500, uhifadhi, uiwashe plagini hiyo katika Mod Organizer 2 na kuizindua gemu kutoka humohumo. Ndani ya gemu, fungua dirisha la amri na uandike player.additem 12EB7 1. Ukiuona upanga mkobani ukiwa bado na thamani ya 25, hakikisha kwanza kwamba plagini imewashwa, kisha urudi SSEEdit, upakie plagini zako zote na utazame safu ya kulia kabisa ni ya nani.