Mrefu kwenye gari dogo: pima usukani kabla ya dari

Nina urefu wa sentimita 193, na kazi yangu ni kukagua magari ya mkononi kwa niaba ya wanunuzi hapa Dar es Salaam. Wateja warefu wananijua, na swali lao huja kabla hata ya habari za injini: "Kaka, humo nitaenea?" Tukifika yadi, karibu wote hufanya jambo lile lile. Mtu anafungua mlango, anajikunja, anakaa, kisha anapitisha kiganja kati ya utosi na dari. Kiganja kikipita, anasema gari limemfaa.

Dari ni kipimo cha pili. Cha kwanza ni usukani.

Vitz, IST, Passo, Fit na Demio tunazoendesha zilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, na nyingi zina paa la juu kuliko unavyodhani ukizitazama zimeegeshwa. IST ya kwanza, ya mwaka 2002 hadi 2007, ina kimo cha milimita 1,530. Passo ya kwanza ina 1,535. Gari likiwa fupi, mtengenezaji hupandisha paa na kumkalisha dereva wima, ndiyo maana mtu wa futi sita na zaidi anaweza kuingia Passo bila kuvua kofia. Shida huanza miguu inapotafuta pa kukaa. Unarudisha kiti hadi mwisho wa reli, magoti yanapata nafuu, lakini usukani umebaki kule kule mbele. Ili uufikie inabidi mabega yaachane na kiegemeo, au unyanyue kiegemeo kiwe wima kabisa na kichwa kigonge dari kwenye kila tuta. Mtu akimaliza foleni ya Mbagala amekaa hivyo, jioni anashika kiuno na kulaumu kiti.

Usukani wa magari mengi ya daraja hili hupanda na kushuka tu. Unaomfaa mrefu ni ule unaovutika pia kumfuata dereva. Kulijua hilo ni kazi ya sekunde chache: tafuta kile kishikio kidogo chini ya usukani, kilegeze, kisha uvute usukani kuja kifuani. Ukija, kaa vizuri uendelee kukagua. Usipokuja, jiulize kama mikono yako ni mirefu kuliko ya wenzako, kwa sababu gari hilo litaitegemea.

Vipimo vya kwenye makaratasi havikusaidii hapo. Kwa utaratibu wa Kimarekani, nafasi ya miguu hupimwa kiti kikiwa nyuma kabisa, kutoka kifundo cha mguu uliokanyaga mafuta hadi nyonga, kisha huongezwa milimita 254. Usukani haumo kwenye hesabu hiyo. Karatasi za Japani ndizo hazikuambii kitu kabisa: zinatoa urefu wa ndani wa gari, kuanzia dashibodi hadi kiegemeo cha nyuma, jambo ambalo goti la dereva halina habari nalo.

Sasa tuje kwenye magari yenyewe. Wengi huja wakiniambia wameacha Vitz wanataka IST kwa kuwa "ni kubwa". Kwa nje, sawa. Lakini IST ya kwanza ilijengwa juu ya msingi wa Vitz ya kwanza, na umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma ni ule ule, milimita 2,370. Kilichoongezeka hakikwenda kwenye miguu ya dereva. Nazipenda zote mbili kwa jambo moja ambalo wafupi hawalioni: saa ya mwendo iko katikati ya dashibodi. Kwenye magari mengine mrefu akishausogeza usukani unapomfaa, duara lake linaziba saa, na ili aone mwendo lazima ainamishe kichwa. Kwenye hizi mbili hakuna kizuizi.

Honda Fit inasifiwa kwa nafasi, na sifa hiyo ni ya haki, ila ujue nafasi imetoka wapi. Tangi la mafuta limewekwa chini ya viti vya mbele. Ndiyo maana viti vya nyuma vinakunjika kwa namna ya ajabu na buti linameza mzigo. Gharama yake anailipa dereva, kwa kuwa kiti chake kipo juu ya tangi na hakishuki sana. Mwenye kiwiliwili kirefu na miguu ya kawaida atajisikia amekaa juu ya stuli. Mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi atafurahi, hasa kwenye Fit ya pili, ile ambayo namba yake ya chesisi inaanza na GE, ambayo nyingi nilizokaa zina usukani unaovutika. Mimi ningekuwa nanunua leo, ningeanza na hiyo.

Demio ya DE, iliyotoka 2007, ni gari zuri kuliendesha, jepesi na lenye kona safi. Kwa mrefu siishauri. Kimo chake ni milimita 1,475 na usukani hauvutiki. Ukikwepa dari kwa kulaza kiegemeo, unazidi kuwa mbali na usukani.

Ukishakaa, tulia kama uko kwenye foleni, mguu wa kulia juu ya breki. Angalia goti la kulia linaegemea wapi. Likikuta kona ngumu ya mlango au swichi za vioo, utalijua vizuri ndani ya mwezi. Pitisha vidole chini ya paja: kiti kikiishia mbali na goti, paja linaning'inia na nyonga ndiyo inabeba mguu. Kisha tazama kushoto, maana jicho la mrefu huwa usawa wa kioo cha ndani, na nyuma ya kioo hicho bodaboda nzima inajificha. Kipandishe au kishushe mpaka uone chini yake.

Kiegemeo cha kichwa wengi hawakiangalii kabisa, na kinanitia hofu kuliko yote. Sehemu yake ya juu isiwe chini ya utosi kwa zaidi ya sentimita 9 hivi, na nafasi kati yake na kisogo isizidi 10. Kikiishia shingoni, ukigongwa kwa nyuma kichwa kinapinda juu yake. Kivute mpaka mwisho kisha mwombe mtu apige picha ubavuni.

Kuna mafundi watakaokuambia watarefusha reli ya kiti kwa vipande vya chuma. Kataa. Kwenye magari mengi kifungio cha mkanda kimefungwa kwenye kiti chenyewe, kwa hiyo siku ya ajali sehemu kubwa ya uzito wako inavutwa na bolti zile walizozichomelea. Chini ya kiti kunaweza pia kuwa na nyaya za mkanda na za mfuko wa hewa. Kupunguza sponji kidogo kwa fundi viti nakubali, kwa shingo upande, maana ukizidisha unakalia chuma.

Na kama unaagiza kutoka Japani, usitume hela kabla ya kukaa kwenye gari ambalo namba yake ya chesisi inaanza na herufi na tarakimu zile zile: NCP60 kwa IST, SCP90 kwa Vitz, GE6 kwa Fit. Jina peke yake halitoshi, kwa kuwa Vitz ya 2003 na ya 2008 ni magari mawili tofauti. Mtaani hazikosekani. Mwombe mwenye nalo, na ukae na viatu unavyoendea kazini.