Renjifainda si kila kamera yenye kidirisha pembeni

Kamera yoyote ndogo yenye kidirisha cha kutazamia kwenye kona ya juu siku hizi huitwa renjifainda. Kisha hulinganishwa na SLR, kamera ya kutazamia kupitia lenzi kwa msaada wa kioo, na mjadala wa lenzi gani inafaa wapi unapotea njia kabla haujaanza.

SLR ina kioo kilichoinama digrii 45 nyuma ya lenzi. Kioo hupeleka mwanga juu kwenye prizimu, kipande cha bilauri kinachopinda mwanga, na prizimu huufikisha jichoni. Unachokiona kimepita kwenye lenzi ileile itakayopiga picha. Kwenye renjifainda unatazama kupitia dirisha lisilohusiana na lenzi, na fokasi hupimwa na mtambo wa pekee.

Mtambo huo ndio renjifainda yenyewe. Mbele ya kamera kuna madirisha mawili yaliyoachana kwa sentimita chache. Taswira ya dirisha dogo huletwa katikati ya lile kubwa, kwa hiyo kitu kimoja huonekana mara mbili. Ukizungusha pete ya lenzi, taswira moja husogea; zikilaliana sawasawa, fokasi imekaa. Ni kupima umbali kwa pembe, basi.

Leica I ya mwaka 1925 ilikuwa na kidirisha cha kutazamia, ila haikuwa na kipimo cha umbali ndani yake. Mpigapicha alikadiria kwa macho, au alipachika kipimo juu ya kamera. Leica II ya 1932 ndiyo iliyofunganisha kipimo na lenzi, na hata hapo nyuma kulikuwa na matundu mawili: moja la kupimia, jingine la kupangia picha. Kamera ya Contax II iliyaunganisha mwaka 1936, na Leica ikafanya hivyo kwenye M3 ya 1954. Kwa hiyo kidirisha kilikuwepo kabla ya kipimo, na kwa miaka mingi vilikaa mbalimbali. Anayeita kidirisha renjifainda amechukua jina la kiungo kimoja akakipa kingine.

Tofauti hii ndiyo inayoamua lenzi. Kwa kuwa dirisha halibadiliki, eneo la picha huonyeshwa kwa fremu za mistari. Fremu ya lenzi ndefu ya milimita 135, ya kuvuta vitu vya mbali, huwa kidude kidogo katikati, na kipimo chenyewe hakina usahihi wa kutosha kwa lenzi ndefu zaidi. Lenzi za zumu na picha za karibu sana pia huiendea vibaya renjifainda: dirisha na lenzi haviko mahali pamoja, na kadiri kitu kinavyosogea karibu ndivyo vinavyoona mambo tofauti. Hapo SLR haina mpinzani. Unaona kina cha fokasi, unaona athari ya kichujio, unaona kila kitu isipokuwa nukta ile ya kupiga, kioo kinapopanda.

Kwenye lenzi pana, zinazochukua eneo kubwa, mambo hugeuka. Kioo kinahitaji nafasi: kwenye Nikon F lenzi hukaa milimita 46.5 kutoka kwenye filamu, kwenye Leica M ni 27.8. Nikkor, yaani lenzi ya Nikon, ya kwanza ya milimita 21 ya Nikon F iliingia ndani kiasi kwamba kioo kililazimika kufungwa juu, na kidirisha cha pekee kupachikwa. SLR ikabaki haina cha kutazamia kupitia lenzi! Isitoshe, dirisha la renjifainda hukuonyesha hata kilicho nje ya fremu, na hilo ni jambo kubwa kwa anayesubiri mtu aingie kwenye picha.

Udijitali haubadilishi lolote hapa. Epson R-D1 ya 2004 na Leica M8 ya 2006 ni renjifainda kamili. Fujifilm X100 ya 2011 ina kidirisha cha kutazamia moja kwa moja na fremu za mistari, lakini fokasi yake hutoka kwenye sensa, kipande kinachopokea picha badala ya filamu. Na kamera isiyo na kioo inayokuonyesha skrini ndogo ndani ya kidirisha cha pembeni, kwa namna ya kutazama iko karibu zaidi na SLR.

Ukishika kamera ya aina hiyo, tazama ndani na uzungushe pete. Kama hakuna taswira ya pili inayosogea, inaweza kuwa kamera nzuri sana. Iite tu kamera yenye kidirisha pembeni.