Somatiki: kujifunza ngoma kwa kuusikiliza mwili

Mwanafunzi wa ngoma akiambiwa "nitazame, fanya hivi", anaweza kunyanyua mguu sawasawa na mwalimu na bado kitu kikapungua. Macho yameona, mwili haujajua. Somatiki ni ufundishaji unaoanzia ndani: mchezaji ahisi kwanza uzito uko mguu gani, pumzi imefika wapi, bega limekaza au limelegea, ndipo aongeze mwendo.

Neno limetoka kwenye Kigiriki, soma, yaani mwili. Halihusiani na kusoma kwetu, ingawa napenda yalivyokutana. Mmarekani Thomas Hanna alilieneza miaka ya 1970, akitenganisha mwili unavyotazamwa na mtu wa nje na unavyohisiwa na mwenyewe. Kabla yake Moshe Feldenkrais, mhandisi na mchezaji wa judo aliyesumbuliwa na goti, alikuwa akifundisha kwa miondoko midogo, ya polepole. Upole huo una sababu. Ndani ya misuli, kano na viungo kuna vipokezi vinavyoupa ubongo habari za mkao hata ukifumba macho. Ukitumia nguvu nyingi, tofauti ndogo huzisikii.

Hapa Dodoma mfano hauko mbali. Katika muheme, mama wa Kigogo huibana ngoma mapajani, akaipiga kwa mikono huku anacheza. Anayejifunza huibana kwa nguvu zote: magoti yanakaza, kiuno kinafuata, mwisho mabega. Ukimwambia "legeza mabega" hayalegei, maana tatizo halikuanzia huko. Mimi humwomba asimame pekupeku kwenye udongo, afumbe macho, apunguze kubana kidogo kidogo hadi kibaki kiasi kile tu kinachoizuia ngoma isianguke. Kisha apumue. Mara nyingi mabega hushuka yenyewe, wala sijayataja.

Njuga nazo zinafundisha. Zikilia kwa nguvu mguu mmoja na kunong'ona mwingine, mchezaji anasikia mwenyewe wapi ameegemea.

Somatiki si tiba. Goti linalouma kila siku ni la kupeleka hospitali. Wala si ugeni wa kuwafundisha bibi zetu: mtoto aliyebebwa mgongoni mama akicheza ameupokea mdundo kwa mwili kabla hajajua kutembea. Kazi yangu kwa mtu mzima aliyekosa mgongo huo ni kuuliza kuliko kusahihisha. Uzito uko wapi sasa? Umezuia pumzi? Kisigino cha kushoto kimegusa chini?