Kabla ya kusema "ni kweli": sheria ya kuendesha gari ukiwa umelewa

Karani anasoma shtaka haraka haraka, hakimu anainua macho na kuuliza: ni kweli au si kweli? Kizimbani yuko mtu aliyekamatwa Ijumaa usiku akitoka upande wa Mtwapa, na shati alilokuwa nalo usiku ule ndilo alilonalo bado. Amelala seli tangu siku ile, simu imezima chaji, na mkewe amekaa nje hajui kama atarudi naye nyumbani Bamburi. Anajibu, "Ni kweli." Anasema hivyo kwa kuwa alikunywa, na hataki kudanganya.

Lakini hakuulizwa kama alikunywa. Aliulizwa kama alikuwa amelewa kiasi cha kutoweza kulimudu gari ipasavyo. Hayo ni maswali mawili mbalimbali. Katika kliniki yetu ya msaada wa sheria hapa Mombasa, wengi hutufikia wakiwa wameshajibu la kwanza wakidhani ndilo la pili, na wakati huo mlango umebaki wazi kidogo sana. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinasema kwamba aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa dhidi ya kutiwa hatiani. Anaweza tu kulalamikia adhabu, kwamba ni kubwa mno au haiko kisheria. Rufaa yenyewe ina muda wa siku 14.

Kosa lenyewe liko kwenye kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Kinamgusa anayeendesha, anayejaribu kuendesha, au aliye na gari mikononi mwake barabarani au mahali pengine pa umma, akiwa amelewa kileo au dawa kiasi cha kushindwa kulitawala gari hilo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo roho ya kifungu. Bodaboda na tuktuk nazo ni magari kwa maana ya sheria hii, ingawa bado nasikia vijana wa stejini wakisema kwamba sheria ya ulevi ni ya wenye magari makubwa. Na neno "mikononi" lina upana wake: aliyesinzia nyuma ya usukani kwenye foleni ya feri ya Likoni, ufunguo ukiwa mahali pake, anaweza kujikuta akijieleza kortini hata kama hakuisogeza gari hatua moja. Sheria pia haikuishia kwenye chupa. Dawa ya kikohozi inayoleta usingizi, au vidonge ulivyopewa hospitali vyenye onyo la kutoendesha, vinaweza kukuingiza humo humo.

Kisha ikaja Alcoblow, mashine ya kupima pombe katika pumzi ya dereva. Kanuni za kipima-pumzi za mwaka 2011 ziliweka viwango: mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, au miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Kanuni hizo zilipingwa mahakamani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaturudisha kwenye sheria mama, yaani kifungu cha 44 na sharti lake la kushindwa kulimudu gari. Wengi walishangilia wakidhani mashine zimepigwa marufuku. Sivyo. Zilirudi barabarani, na polisi pamoja na NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani, huzitumia. Kinachopaswa kueleweka ni uzito wa ile karatasi inayotoka mashineni. Ni ushahidi kwamba kuna pombe mwilini. Kwamba dereva huyu, usiku huu, alishindwa kulitawala gari lake, hilo upande wa mashtaka unatakiwa kulithibitisha pasipo shaka ya maana, na kwa kawaida karatasi peke yake haitoshi.

Sasa niseme jambo ambalo madereva hawapendi kulisikia kutoka kwa wakili. Mwili una hesabu zake, na hazibembelezeki. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Mwanamume wa kilo 70 akinywa mbili kwa haraka huwa amekaribia miligramu 80. Mwanamke, au mtu mwembamba, hufika huko mapema zaidi. Ini huondoa pombe polepole, wastani wa miligramu 15 hivi kwa saa katika kila mililita 100 za damu, na halina habari na kahawa chungu wala maji baridi wala supu ya pweza. Kwa hiyo aliyemaliza kunywa saa sita usiku akiwa na miligramu 150, saa kumi na mbili asubuhi bado ana kama 60. Huyo ameoga, ameswaki, na anaiwasha matatu apeleke abiria wa kwanza mjini akiamini kwamba ulevi ni wa jana.

Mnazi ni tatizo zaidi kwa sababu hauna lebo. Ulioteremshwa mnazini asubuhi ni mtamu. Kadiri jua linavyopanda unazidi kuchacha na nguvu zinaongezeka. Anayekaa mangweni tangu mchana akihesabu vikombe anahesabu kitu ambacho kila kikombe si sawa na kilichotangulia. Sisi tunaowatetea watu hawa kortini tunamwambia dereva hivyo waziwazi: hakuna wakili awezaye kukupimia mnazi.

Ukisimamishwa, iwe Nyali au Changamwe, zima injini na uzungumze kwa adabu. Kugombana na afande hakujasaidia kesi yoyote niliyowahi kuishika. Maneno yako ya hasira yataandikwa kwenye taarifa ya shahidi kama dalili ya ulevi. Kukataa kupuliza bila sababu ya maana nako kunakuongezea mzigo. Unachoweza kufanya ni kuomba. Kama umetoka kunywa muda huo huo, au umesukutua kwa dawa ya kinywa yenye pombe, sema, na uombe usubiri kama dakika 15 kabla ya kupuliza, kwa sababu pombe iliyobaki mdomoni inaweza kuipandisha namba ya mashine isilingane na iliyomo damuni. Omba uoneshwe namba. Kumbuka saa, mahali, na nani mwingine alikuwepo. Na usitoe kitu kidogo. Sheria ya Rushwa ya mwaka 2016 inamkamata anayetoa pamoja na anayepokea, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 10. Nimeona mtu akiingia kituoni na kosa moja, akafika kortini na mawili.

Kituoni, Ibara ya 49 ya Katiba ndiyo ngao yako. Una haki ya kuambiwa kwa lugha unayoifahamu kwa nini umekamatwa, ya kunyamaza, ya kuzungumza na wakili, na ya kutolazimishwa kukiri. Unapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia nje ya muda wa kazi wa korti au siku isiyo ya korti, basi mwisho ni siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana aliyekamatwa Ijumaa usiku huonekana Jumatatu. Hata hivyo si lazima alale hapo: mkuu wa kituo ana uwezo wa kumwachilia kwa dhamana ya polisi. Familia ikiambiwa ilipe pesa za dhamana, idai risiti. Pesa hizo si faini. Kesi ikiisha zinarudishwa, mradi mshtakiwa alikuwa akihudhuria. Ninalisisitiza kwa sababu akina mama wengi waliouza kuku na kukopa kwenye chama hawajui kwamba wana haki ya kuzifuata.

Ukihisi mashine imekosea, omba upelekwe hospitalini mapema, kwa mfano Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani, ukapimwe damu. Kila saa inayopita inafuta ushahidi, uwe wa kukusaidia au wa kukuumiza. Na kama una kisukari, sema tangu mwanzo. Sukari ikishuka, mtu huyumba na maneno humkwama kama mlevi. Ikipanda mno, pumzi inaweza kutoa harufu inayofanana na ya kileo. Hapo kinachohitajika ni daktari kabla ya askari.

Kizimbani, ukitaka kukana, kana. Huhitaji kueleza lolote siku hiyo. Kama Kiswahili cha korti hukifuati vizuri, na lugha yako ni Kigiriama au Kisomali, mwombe hakimu mkalimani, hulipii. Tangu kesi ya Adan ya mwaka 1973 sheria yetu imekuwa wazi kwamba hata anayekiri lazima asomewe pia maelezo ya tukio lenyewe na apewe nafasi ya kuyapinga. Ukisikia katika maelezo hayo kwamba uliyumba kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine, na hukuyumba, sema palepale. Hakimu atabadilisha jibu lako liwe la kukana.

Baada ya kukana, Ibara ya 50 inakupa haki ya kupewa mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yako. Uchukue na uusome. Katika kesi hizi maswali yenye nguvu ni mepesi. Afande, uliliona gari likienda vipi kabla ya kulisimamisha? Kama lilikuwa limesimama tu kwenye foleni ya kizuizi kama mengine, je, ni nani aliyemwona dereva akishindwa kulimudu? Macho yalikuwa mekundu: je, ya mlevi, au ya mtu aliyekesha kazini? Mashine ilikaguliwa usahihi wake lini, na aliyeitumia amefunzwa? Kama damu ilipelekwa kwa Mkemia wa Serikali, chupa ilipita mikono ya nani, na ilifungwa kwa lakiri? Ripoti ya mkemia hupokelewa kortini bila yeye kuja, lakini mahakama inaweza kumwita ahojiwe, na utetezi una haki ya kuliomba hilo.

Haya yote si ufundi wa kumtorosha mwenye hatia. Yuko anayekuja kwetu na kutuambia kwamba alilewa, hakuiona hata taa, na kuna mtu amelala hospitalini kwa sababu yake. Huyo hatumfundishi maswali ya kumhoji afande. Tunamweleza kwamba mtu akifariki, kifungu cha 46 cha kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari kina kifungo cha hadi miaka 10. Tunamweleza pia kuhusu makubaliano ya kukiri ambayo sheria inaruhusu, na kwamba kukiri kwa ukweli, mapema, huku akijua anachokikiri, kuna uzito mbele ya hakimu na mbele ya familia iliyoumizwa. Kukiri huko hakufanani hata kidogo na kule kwa mtu wa Jumatatu asubuhi aliyechoka na anataka kwenda nyumbani.

Kwa dereva wa matatu, hatia hii haimalizikii kwenye faini. Leseni inaweza kufungiwa, na hukumu huonekana kwenye cheti cha tabia njema anachotakiwa kuwa nacho ili abebe abiria. Bima nayo: mikataba mingi inaiacha nje ajali ya dereva aliyelewa.

Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuomba msaada katika Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria au Kituo cha Sheria. Njoo na hati ya mashtaka, risiti ya dhamana na tarehe ya kutajwa kwa kesi. Kama aliye ndani ni ndugu yako na hana karatasi yoyote bado, inatosha kuja na jina lake, kituo alichoshikiliwa na namba ya OB, yaani ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Ila njoo kabla hajasimama kizimbani, hata ikiwa ni saa moja asubuhi siku ile ile.