Je, wajua kwa nini picha ya mfumo wa jua haiwezi kusema kweli?

Karibu kila mtoto hukutana na mfumo wa jua kwenye picha ileile: Jua limekaa pembeni, kisha sayari nane zimejipanga kama watu kwenye foleni, bega kwa bega. Mchoraji hakufanya uzembe. Hesabu ndiyo iliyombana.

Tuseme anataka kuichora Dunia kwa upana wa sentimita 1 tu, mtoto aone bahari na mabara. Kwa kipimo hicho Jua litazidi upana wa mita 1, na Neptuni, sayari ya mwisho, itakaa kilomita 3 na nusu kutoka hapo. Akigeuza mambo, akaibana njia yote mpaka Neptuni ndani ya ukurasa wa sentimita 30, Jua linakuwa nukta isiyofika hata sehemu ya kumi ya milimita, na Dunia haionekani kabisa. Basi inambidi achague, naye huchagua kuonyesha sayari na kuficha umbali.

Kinachopotea hapo ni utupu, na mimi naona huo ndio wa kuanza nao mtoto, kabla hajakaririshwa majina. Dawa yake ni miguu. Chukua mpira wa miguu, wenye upana wa sentimita 22 hivi, uweke chini: hilo ni Jua. Halafu tembeeni, kila hatua ndefu ya mtu mzima ihesabiwe mita 1.

Hatua ya 9 ni Utaridi, ambayo wengine huiita Zebaki. Ya 17 ni Zuhura. Ya 24 ndiyo kwetu: Dunia ni kichwa cha pini, milimita 2, na Mwezi ni chembe iliyo sentimita 6 kutoka kwenye pini hiyo. Binadamu hajawahi kwenda mbali kuliko hizo sentimita 6 na ushei.

Simameni hapo kidogo, mwangalie nyuma. Mpira ule, ukiwa hatua 24, unaonekana mdogo sawasawa na Jua lionekanavyo angani. Msilitazame Jua lenyewe ili kuhakiki, maana linaunguza macho. Subirini mwezi mpevu, ambao kwa macho yetu una ukubwa karibu uleule. Mtoto akishaliona hili mwenyewe, huna haja ya kumshawishi kwamba kipimo ni cha haki.

Mirihi iko hatua ya 36. Baada ya hapo watoto huanza kulalamika, kwa sababu Mshtarii haifiki mpaka hatua ya 123. Katikati kuna ukanda wa asteroidi, vile vipande vya mawe ambavyo filamu huvionyesha vikigongana kama mvua ya kokoto. Kwa kweli vyombo vya angani vimeupita ukanda huo mara nyingi bila kuguswa, kwa jinsi mawe yalivyoachana. Mshtarii yenyewe, kubwa kuliko sayari zote, ni gololi ya sentimita 2 na kidogo.

Zohali na pete zake ni hatua ya 226, Uranusi ya 454, Neptuni ya 712. Wachache watafika, na si neno. Chombo cha Voyager 2 kilirushwa mwaka 1977 kikaipita Neptuni mwaka 1989, miaka 12 njiani. Sayari hiyo iligunduliwa mwaka 1846, na kwa kuwa mzunguko wake mmoja huchukua takriban miaka 165, ilimaliza duara lake la kwanza tangu igunduliwe mwaka 2011. Hapa lirekebishwe kosa jingine la picha: sayari hazikai mstarini. Kila moja inazunguka kwa mwendo wake, hivyo Neptuni inaweza kuwa hatua 712 upande huu wa mpira, na Mshtarii upande wa pili.

Atakayeuliza mwanga wa Jua unatembeaje kwenye uwanja huu, mwambie unatambaa, chini ya sentimita 5 kwa sekunde. Kuifikia pini yetu huchukua dakika 8 na sekunde 20, muda uleule unaouchukua huko angani. Mpaka Neptuni ni zaidi ya saa 4.

Na nyota iliyo jirani zaidi na Jua, Proxima Centauri? Kwa kipimo hikihiki, iko kama kilomita 6,350 kutoka kwenye mpira. Ni karibu sawa na kuchimba shimo hapo mliposimama mpaka kwenye kitovu cha Dunia. Ule mwanga unaotambaa huhitaji miaka 4 na miezi kadhaa kufika, na ukishaipita Neptuni haukutani na sayari nyingine ya Jua tunayoijua.