Kuinua uso: ninayouliza kabla ya kushika kisu

Wanaokuja kuulizia upasuaji wa kuinua uso karibu wote hufanya kitu kimoja. Wanasimama mbele ya kioo, wanaweka viganja karibu na masikio, wanavuta ngozi kwenda nyuma, kisha wanasema: "Daktari, nataka hivi." Hivyo siwezi kumfanyia mtu, na hata ningeweza nisingefanya.

Kuvuta ngozi kwenda nyuma ndivyo walivyofanya madaktari kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1900, kwa miongo mingi. Waliivuta, wakakata iliyozidi, wakashona. Haikuchukua muda ikalegea tena, kwa sababu kilichokuwa kimeporomoka kilikuwa chini yake. Ukivuta shuka juu ya godoro lililobonyea, godoro litabaki limebonyea. Mwaka 1974 Tord Skoog wa Sweden alionyesha namna ya kuinua ngozi pamoja na tabaka lililo chini yake, na mwaka 1976 Mitz na Peyronie, madaktari wa Ufaransa, wakalichambua tabaka hilo na kulipa jina la SMAS. Ni utando wenye nyuzi na misuli unaotanda mashavuni na kuungana na msuli wa shingo. Siku hizi ndio tunaoukaza, tena kwa kuupandisha juu zaidi kuliko kuupeleka nyuma. Ngozi hurudishwa juu yake ikashonwa bila kukazwa. Kuna njia nyingine, iliyoelezwa na Sam Hamra wa Marekani mwaka 1990, ya kupita chini ya tabaka hilo na kukata kano zinazolishikilia. Wagonjwa hunitajia njia hiyo kwa jina, "deep plane", kwa sababu wameiona Instagram. Mimi nadhani mkono wa daktari na uso wenyewe vina uzito kuliko jina la njia.

Kwa hiyo nawaomba waache kuvuta. Kaa, shika kioo, nionyeshe kwa kidole kimoja tu kinachokukera. Kidole kikienda kwenye paji la uso, kope, madoa au mikunjo midogo juu ya mdomo, upasuaji huu hautakusaidia. Upasuaji huu hufanya vizuri sehemu ya chini ya uso: mashavu yaliyoshuka yakaning'inia juu ya taya, na shingo iliyolegea. Halafu nampa kioo alale chali. Kama anachokichukia kinapotea akiwa amelala, kuna kitu cha kuinua. Kama bado kipo, tatizo lake ni jingine.

Na kwetu mara nyingi ni jingine. Ngozi nyeusi ina kinga yake dhidi ya jua, kwa hiyo makunyanzi huchelewa. Utamkuta mama wa miaka 55 ana mashavu laini lakini chini ya macho pameingia ndani, uso unaonekana umechoka. Uso umepungukiwa ujazo, haujalegea. Siku hizi pia wanakuja waliopungua uzito haraka, wengine kwa sindano za semaglutaidi, uso ukabaki mtupu. Hao nawaambia wasubiri uzito utulie angalau miezi sita ndipo turudi kwenye kioo.

Ninalolitazama kwa makini kuliko yote ni masikio. Mkato huanzia kwenye nywele za panja, unashuka mbele ya sikio, unazunguka ndewe na kupanda nyuma yake. Hapo ndipo keloidi hupapenda. Nauliza: ulipotoboa masikio ilikuwaje? Kovu la chanjo begani likoje? La upasuaji wa uzazi? Kovu lililovimba lakini likabaki ndani ya mipaka ya jeraha halinitishi sana. Lililotoka nje ya jeraha na kuendelea kukua ndilo keloidi, na kama liko sikioni simfanyii upasuaji huu, hata akisema yuko tayari kwa lolote.

Kisha mkorogo. Hili nauliza tukiwa wawili tu chumbani, maana mbele ya mume au binti yake wengi hukana. Hata asiposema, viungo vya vidole vilivyobaki vyeusi kuliko uso vinasema. Krimu zenye steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba na kidonda kichelewe kupona, na ngozi ya namna hiyo siyo ya kuitenganisha na tabaka lililo chini yake. Aliyezitumia kwa miaka naye asiziache ghafla usiku mmoja, kwani ngozi inaweza kulipuka kwa wekundu na vipele. Namuanzishia safari kwa daktari wa ngozi, na safari hiyo ni ya miezi.

Sigara ni mjadala mfupi: nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi ya nyuma ya sikio inaweza kufa. Wiki nne bila sigara kabla, wiki nne baada. Presha lazima iwe imetulia, kwa sababu hatari inayotokea mara nyingi ni damu kujikusanya chini ya ngozi, hasa katika saa 24 za kwanza, na wanaume hupata zaidi kuliko wanawake. Ikitokea unarudi chumba cha upasuaji usiku huohuo. Kuumia kwa neva inayoendesha uso hadi mdomo ukapinda bila kurudi tena ni nadra, chini ya mtu mmoja kati ya 100, lakini ni jambo ambalo lazima nilitamke kwa sauti. Ndewe kufa ganzi kwa miezi ni kawaida, na kwa wachache ganzi hiyo haiondoki.

Siwabezi wanaokwenda kufanyiwa Uturuki au India, kuna mafundi wazuri huko, ila kwa sababu ya hatari hizo nawauliza: nani atakuona siku ya kumi? Ukipanda ndege siku ya nne na nyuzi bado zimo, ukitua Dar es Salaam na jeraha linavuja, daktari atakayekupokea hajui ulichofanyiwa. Baki huko wiki mbili, na urudi na taarifa ya upasuaji mkononi. Ujue pia kwamba bima kwa kawaida hailipii urembo.

Anayevuka yote haya, bado anataka, na anataka kwa ajili yake mwenyewe, nampangia tarehe. Hapo linakuja suala la harusi ya mtoto, kwa sababu akina mama wengi hukumbuka uso wao wakati kamati imeshakaa kikao cha kwanza. Michubuko huchukua wiki mbili hadi tatu, uvimbe uliobaki huchukua miezi, na kamera huuona kuliko jicho. Send-off ikiwa Desemba, mwezi wa mwisho ninaokubali ni Agosti.