Pakiti moja, lita moja, na kikombe cha mama

Mhudumu mmoja wa afya ya jamii aliwahi kuninyamazisha katikati ya mafunzo. Nilikuwa nimeshaeleza kwamba pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kumrudishia maji anayeharisha, huyeyushwa kwenye lita moja ya maji safi. Akanyoosha mkono: "Daktari, mama niliyemtembelea jana ana kikombe tu. Anamimina nusu ya pakiti, anaikunja iliyobaki, anaiweka hadi kesho. Nimwambie nini?"

Sikuwa na jibu la maana, na swali lenyewe ni zito. ORS inafanya kazi kwa sababu glukosi, aina ya sukari, huusaidia utumbo kufyonza sodiamu iliyomo kwenye chumvi, kisha maji yanafuata. Ikikolea mno, chumvi huzidi kwenye mwili wa mtoto aliyekwisha kupungukiwa maji. Ikizimuliwa sana, haifidii chumvi alizopoteza. Kwa hiyo kipimo ndicho dawa, na kipimo hicho kiko mikononi mwa mama mwenye kikombe kisichojulikana ujazo wake.

Watafiti tuna mazoea ya kulalamika kwamba wahudumu hawasomi miongozo. Siku hizi malalamiko hayo siyakubali. Mara nyingi mhudumu ameshagundua mahali mwongozo unapokwama, ila hakuna aliyemuuliza.

Historia ya ORS yenyewe inanipa moyo. Mwaka 1968, watafiti huko Dhaka walionyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kurudishiwa maji kwa kunywa, akahitaji dripu kidogo sana. Hata hivyo madaktari wengi hawakuiamini njia hiyo nje ya hospitali. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowasukuma wakimbizi kuingia India, kipindupindu kililipuka kambini Bongaon na dripu zikaisha. Dk. Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya chumvi na glukosi kwenye mapipa, na ndugu wa wagonjwa ndio waliowanywesha. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Lakini sehemu ninayoirudia kila ninapofundisha ni ile ya miaka ya themanini. Shirika la BRAC nchini Bangladesh liliwatuma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kuchanganya maji hayo wenyewe, kwa chumvi ya kudona kwa vidole na sukari guru ya konzi. Hadi mwaka 1990 walikuwa wamezifikia kaya zaidi ya milioni 12. Malipo ya mwalimu yalitegemea mama anakumbuka nini: mkaguzi alirudi baadaye, akamwomba mama achanganye, na sampuli zikapimwa maabara. Hapo utafiti na kazi vilikaa chungu kimoja. Na ilipoonekana kwamba akina mama wanajua kuchanganya lakini hawatumii, viongozi waliwageukia walimu wao wenyewe, wakakuta wengi wao hawaiamini dawa wanayoifundisha. Ikabidi waanze na walimu.

Zinki nayo ina mkwamo wake. Tangu 2004, WHO na UNICEF wanashauri mtoto anayeharisha apewe zinki kwa siku 10 hadi 14 pamoja na ORS. Siku ya tatu kuhara kunakoma, mtoto anacheza, na mama anaacha vidonge. Kila mhudumu anayetembelea kaya analijua hilo, lakini fomu zetu zilikuwa na kisanduku kimoja tu: "amepewa zinki, ndiyo au hapana". Tukajaza ndiyo, tukafurahi.

Sasa, kabla sijaandika hata ukurasa mmoja wa mpango wa utafiti, naketi na wahudumu watakaoufanyia kazi. Nawapa pakiti, maji na vyombo vilivyo kwenye nyumba wanazozitembelea, kisha nakaa kimya na kutazama. Fomu ya zinki imeongezewa mstari wa kuhesabu vidonge vilivyobaki siku ya 7. Na yule mhudumu wa kikombe tulikaa naye mchana mzima tukipima vyombo kwa maji, kimoja baada ya kingine, hadi tukapata chupa tupu iliyopatikana karibu kila nyumba. Akaichora alama ya lita kwa rangi ya kucha, akaitia mkobani.